Jino Lililosuguliwa

9 Februari

Dada yangu mpenzi,

Kabla hujauliza: tupo, tunapumua, na nyumba imesimama. Cherehani yangu kubwa imebadilishwa mkanda na sasa inakwenda kama haijawahi kuugua. Sare za shule zimenikaba shingoni, maana wazazi wa hapa hukumbuka kwamba watoto wao wamekua wiki moja baada ya shule kufunguliwa. Fundi viatu wa mlango wa pili anakusalimu. Wewe je, mgongo? Usiniambie tu hujambo, niambie mgongo.

Naandika barua kwa sababu simu ni ya wewe kuongea na mtoto. Sisi wawili tukiishika tunagombana kabla salamu hazijaisha, na huko dobi kwenu mashine zinanguruma hadi nusu ya ninayosema inamezwa. Kwenye barua huwezi kunikatiza.

Basi. Siku ile nilikuambia Chiriku wako ameanguka na jino limetoka, na ni kweli, ila sikukuambia ilikuwaje. Nilikuwa nimemwaga maji ya sabuni kwenye korido. Unanijua nikishika ufagio Jumamosi. Mtoto alirudi kutoka mazoezi ya kwaya akiimba, akafungua mlango, na wimbo ukaishia kwenye ukingo wa ngazi. Ni jino la juu, la mbele kabisa, la ukubwani, si la utoto. Lilitoka zima na mzizi wake, likalala juu ya povu.

Nililiosha. Kisha nikalifunga kwenye kitambaa cheupe nilichokuwa nimekipiga pasi asubuhi ile, tukaenda hospitali. Daktari wa meno, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya chini, alilirudisha kwenye shimo lake akalishikiza kwa waya na meno ya jirani. Chiriku hakulia alipochomwa sindano ya ganzi. Alilia alipoambiwa asiimbe mpaka waya utoke. Tukirudi tena, daktari atausafisha mshipa wa ndani ya jino, maana umekufa, na ukiachwa humo utaoza.

Usikose usingizi kwa hili. Nimeukosa mimi kwa niaba ya wote wawili.

Mdogo wako.


2 Machi

Mdogo wangu,

Mgongo upo na unauma mahali pake pa kawaida. Mashuka ya hospitali hayapungui, kwa sababu wagonjwa hawaishi. Wametuletea mashine mpya ya kukaushia, msimamizi wetu anaiogopa, kwa hiyo mimi ndiye naiendesha na yeye ndiye anayesifiwa. Mpe salamu fundi viatu, na umwambie viatu alivyonishonea vimenifikisha huku bila kufumuka.

Sasa hiyo korido. Nimekuambia mara ngapi uweke kiti mlangoni ukideki? Siku ile ulinipigia unalia mpaka sikuelewa kitu. Nikakutuliza, nikarudi kwenye mashine zangu nikijua kuna mtu mzima pale na atafanya linalofaa. Nimekuachia mtoto tangu akiwa anatambaa, na hilo si sawa na kumwachia mtu sufuria.

Sikulaumu. Nataka tu niambiwe kila kitu na mapema, si vipandevipande. Jino la mbele la msichana ni uso wake. Mwambie Chiriku aimbe kwa kufumba mdomo. Na ninavyomjua, atapata namna ya kuongea vilevile.

Dada yako.


20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Najua nimekawia. Barua yako imekaa kwenye droo ya cherehani, na kila nikikanyaga pedali nakusikia ukiniuliza habari za kiti. Sisi wazima. Mvua imepenya kwenye kona ya duka na kunilowanishia vitambaa vya kola, lakini nimeviokoa. Chiriku ameongezeka urefu, sketi aliyovaa mwezi wa kwanza sasa inaonyesha magoti. Kwaya imempokea tena, na jana amenisimulia habari za mwalimu wao mpya kuanzia mlangoni hadi kitandani bila kuvuta pumzi. Jina la utani ulilompa halijawahi kukosea.

Ulitaka kuambiwa kila kitu. Haya.

Juzi daktari alipiga picha ya jino akaiweka kwenye taa tuione. Mzizi una mapengo pembeni, kama kitambaa cha sufu kilichoingiwa na nondo. Nikauliza hii ni nini, akasema mzizi unaliwa. Nikauliza unaliwa na nini, maana nilidhani kuna mdudu. Hakuna mdudu. Kuna walaji wawili. Wa kwanza anatokana na uozo uliobaki ndani ya jino; huyo ana dawa yake, nyeupe kama chokaa, inatiwa ndani ya mzizi na kubadilishwa mara kwa mara hadi atulie. Wa pili ni mfupa wa taya wenyewe.

Alinieleza taratibu, na nikaelewa kwa sababu ni kama kazi yangu. Mzizi wa jino umevikwa utando mwembamba ulio hai, kama bitana ndani ya koti. Utando huo ndio unaotenganisha jino na mfupa. Ukifa, mfupa hausiti tena. Unaungana na mzizi, unautafuna kidogo kidogo, na kila ulipotafuna unajenga mfupa. Hauumi, na hauna dawa.

Kisha akauliza lile jino tulilisafishaje. Nikasema nililisugua kwa mswaki na sabuni, mzizi na wote, hadi likalia kama kikombe. Unakumbuka mama yetu: kilichoanguka chini hakirudi mdomoni mpaka kilie kwa usafi. Daktari hakunigombeza, na bora angenigombeza. Alisema tu kwamba ilitosha kulishika kwa upande wa kutafunia, kulimwagia maji kidogo na kulirudisha pale pale, au kulitumbukiza kwenye maziwa tukaja nalo. Dada, maziwa yalikuwa mezani. Chiriku alikuwa hajamaliza kikombe chake cha asubuhi.

Narudi nyumbani namwona anacheka mbele ya kioo, nashindwa kukaa chumba kimoja naye. Najua nilichokiua ni chembamba kuliko uzi, lakini nimekiua.

Mdogo wako.


15 Mei

Mdogo wangu,

Sijambo. Kazi ni ileile.

Barua yako nimeisoma mara moja na sitairudia. Nina swali moja na nataka jibu lake. Nani alikuambia usugue? Una miaka arobaini, una akili zako, umeshika jino la mtoto lenye damu mkononi, ukaenda kuchukua mswaki. Hukujiuliza? Hukumwuliza mtu?

Mimi nafua mashuka ya watu nisiowajua ili mtoto huyu akue na uso wake. Sikukuomba umtajirishe. Nilikuomba umtazame tu.

Nimezungumza na shangazi yake, dada ya marehemu baba yake. Ana nyumba yenye nafasi na anakaa karibu na hospitali kubwa. Shule zikifungwa mwisho wa mwaka, Chiriku atahamia kwake. Sisemi haya kwa hasira. Hasira nilikuwa nayo, nikaiacha ipoe, na bado naona hivyohivyo.

Nijibu swali langu.

Dada yako.


30 Juni

Dada,

Shikamoo. Huku ni baridi asubuhi na jua kali mchana. Fundi viatu aliugua kifua, amepona, amerudi kugonga misumari na kuimba vibaya.

Dawa nyeupe imebadilishwa tena. Yule mlaji wa kwanza ametulia. Picha inaonyesha yale mapengo ya uozo hayaendelei. Wa pili anaendelea. Daktari sasa hata hahitaji picha. Anagonga jino kwa mpini wa kioo chake kidogo. Meno mengine yanatoa sauti butu, kwa sababu yamekaa juu ya ule utando wao. La Chiriku linatoa mlio mkavu wa juu, kama kugonga nguzo ya chuma. Mtoto anaona ni mchezo. Juzi aliwagongea wenzake wa kwaya kwa kijiko wausikilize.

Swali lako nimeliona. Sina jibu zaidi ya kwamba mkono uliosugua ni huu wangu, wenye makovu ya sindano.

Kuhusu kwa shangazi yake, wewe ndiye mama na neno ni lako. Nimeanza kuteremsha pindo za magauni yake yote, kwa sababu anarefuka na sijui kama huko wana cherehani. Nimeziacha na nafasi ya kuteremsha mara nyingine. Yeye sijamwambia. Mwambie wewe, mimi nimejaribu nikaishia kumwuliza kama ameshiba.

Mdogo wako.


3 Septemba

Mdogo wangu,

Usilaumu posta. Nimechelewa mimi.

Natumaini mko salama. Msimamizi wetu ameondoka, amekuja mwingine kijana anayeniita mama, na mgongo wangu umezoea kupuuzwa. Sina habari nyingine, au ninazo na hazina maana leo.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa saba nilimpigia Chiriku ulipokuwa umetoka. Nilitaka kumwambia habari za kuhama. Nilimwambia. Kisha akauliza kwa nini. Nikasema kwa sababu mama mdogo hakulitunza vizuri jino lako.

Akasema, "Lakini mama, si wewe ulimwambia alisugue?"

Nikamwambia asiseme ovyo. Akasema hasemi ovyo. Alikuwa amekaa kwenye kiti na taulo mdomoni, na simu ilikuwa mezani, umeiweka sauti ya nje kwa sababu mikono yako ilikuwa na damu. Anasema wewe ulitaka kulirudisha jino vilevile lilivyo. Na mimi nikapiga kelele kwamba usithubutu, limeanguka chini, lisugue kwanza kwa sabuni hadi lilie. Anasema ulisema, "Dada, si tumuulize daktari kwanza?" na mimi nikasema sikio halipiti kichwa, fanya ninavyokuambia, kisha nikasema nina kazi na nikakata.

Nilipoweka simu chini nilikuwa nimeshaamua kwamba mtoto anaongopa. Nilikaa na uamuzi huo siku kadhaa. Halafu pale kazini mfanyakazi mgeni aliangusha shuka safi sakafuni akataka kulirudisha kwenye rundo, na nikasikia sauti yangu ikimfokea: limeanguka chini hilo, likasuguliwe upya. Sauti ileile, maneno yaleyale, na mashine zikinguruma nyuma yangu. Hapo nikakumbuka yote. Sijui kama nilikuwa nimesahau au nilikuwa nimefukia. Nakumbuka hata nilivyojisikia nilipokata ile simu. Nilijisikia mama mzuri, aliye mbali lakini anajua la kufanya.

Na wewe ulijua. Nilikuuliza kwa kalamu, mara mbili, nani alikuambia usugue, na ukaniandikia habari za makovu ya sindano. Kwa nini hukusema? Nakuuliza tena, na sasa sina haki hata ya kuuliza. Naona aibu, mdogo wangu. Naona aibu hadi siwezi kula.

Dada yako.


25 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo, na kwanza kula. Ukikonda huko hakuna atakayekupunguzia nguo.

Chiriku hakuniambia kwamba amekuambia. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Mteja alikuwa ananingoja na suruali yake, ikabidi nimwambie aje kesho.

Umeuliza kwa nini. Kwa sababu ungeifanyia nini habari hiyo huko uliko? Mimi hatia yangu nina pa kuipeleka. Naibeba hadi kliniki, naikalisha kwenye benchi, namshika mtoto mkono wakati wa sindano, na tukirudi imepungua kidogo, hadi kesho yake. Wewe ungebaki nayo mikono mitupu, wewe na mashuka. Nilikuonea huruma, ndiyo maana nikanyamaza.

Lakini nisijifanye malaika. Siku ya barua ile ya shangazi nilichukua karatasi nikaandika kwa herufi kubwa: NI WEWE. Nikaichoma kwenye jiko. Tangu hapo nimekuwa nikikaa na siri yangu kama mtu aliyebeba mzigo wa mwenziwe na kupenda kidogo kujiona anaubeba. Wema ulikuwepo, na kiburi nacho kilikuwepo, tena kingi. Na jambo jingine: nilikuwa na mdomo. Ningeweza kukukatalia. Nina cherehani tatu na duka langu, na bado ukipaza sauti nakuwa yule mtoto uliyekuwa ukimsimamia kuosha vikombe kwa mama. Kwa hiyo usiniachie lote wala usilichukue lote.

Sasa la mtoto. Yeye anakua na jino halikui naye. Limeshikamana na mfupa, wenzake wanashuka nalo limebaki juu, unaona akicheka kwamba moja limekuwa fupi. Daktari anasema tukiliacha litavuta na fizi na umbo la taya. Kwa hiyo, mapumziko ya mwezi wa tatu, watakata kichwa cha jino na kuuacha mzizi ndani, wafunike kwa fizi. Mzizi utaendelea kuliwa hadi uishe, lakini mahali pake patakuwa na mfupa, na taya haitanywea. Akishakuwa mtu mzima atapandikizwa jino jingine kwenye mfupa huo. Kwa wakati huu, kile kichwa kilichokatwa kitasawazishwa na kugundishwa kwa meno ya jirani. Atakuwa anacheka kwa jino lake mwenyewe, ila halina mguu. Nilipomweleza Chiriku akafikiri kidogo, akasema basi litakuwa kama fundi viatu siku anapokaa juu ya meza, miguu haifiki chini.

Jino hatukuliokoa, dada. Mfupa tunaweza. Nimeambiwa hivyo na nimeamua kushukuru.

Habari za shangazi yake hukuziandika safari hii. Niambie tu magauni niyafunge kwenye begi au vipi.

Mdogo wako.


8 Desemba

Mdogo wangu,

Nimepata ruhusa ya kuja siku ya upasuaji. Kabla ya hapo mtoto abaki palepale alipo, asihangaishwe. Mengine tutaongea tukionana. Nakula.

Dada yako.


18 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Nimefika salama, na mgongo unauma mahali papya, kwa sababu ya lile godoro lako. Yule kijana msimamizi alinipokea kama mtu aliyetoka ng'ambo. Begi nimelifungua nikakuta umeniwekea blauzi mbili ambazo sikuona ukizishona.

Niliahidi tutaongea, na hatukuongea. Tuliosha mapazia, tukasugua masufuria ambayo hayakuwa machafu, tukadeki ile korido mara mbili, na kiti mlangoni, na kila mmoja akimngoja mwenzake aanze. Fundi viatu aliona akasema nyumba hii itafuliwa mpaka ichanike. Nilikuwa na maneno mengi kooni na yote yalikuwa samahani.

Kwa hiyo nakuandikia yaliyotokea ndani, kwa maana hukuwepo. Muuguzi aliposema aingie mmoja tu, akauliza mama wa mtoto ni nani, wewe ulirudi nyuma. Nilikuona. Mwaka mzima umekaa kwenye kiti kile, na siku ile ulijifanya unatafuta kitu kwenye mkoba ili nipite mimi.

Nilikaa, nikamshika Chiriku mkono. Alikuwa ameshatiwa ganzi, mdomo wazi, pamba pande zote mbili. Aliyekata hakuwa yule daktari wenu mwembamba. Alikuwa mwanamume mmoja wa makamo mwenye haraka. Alisoma maelezo kwanza, akauliza bila kuinua kichwa, "Hili jino, nani alilisugua?"

Nikasema, "Mimi."

Hakutaka kujua zaidi. Alisema watu wengi hufanya hivyo, akavuta taa. Lakini Chiriku aligeuza macho yake akanitazama. Mtoto asiyenyamaza, na siku ile moja hakuweza kusema neno. Akanibinya mkono kwa nguvu, akaachia, akanibinya tena. Kisha mashine ikaanza kulia na akafumba macho.

Sijui alimaanisha nini. Labda alisema, ndiyo, ni wewe. Labda alisema yameisha. Labda alikuwa anaogopa tu, na mkono wa kubinya ulikuwa wangu. Nilitaka kumwuliza kabla sijaondoka, nikaogopa jibu. Muulize wewe, wewe unayejua namna ya kumwuliza. Wala usifanye haraka, nafasi utakuwa nayo. Shangazi yake nimeshamwambia. Magauni yaache kabatini.

Dada yako.